Mzigo Usiotulia Juu ya Mizani

Nilipostaafu nikarudi kwetu Iyula kwenye kahawa, nilidhani hofu nimeiacha barabarani pamoja na lile koti la kung'aa la kazini. Sikuiacha. Mpaka leo nikipita Vwawa au Tunduma nikaona lori limeegeshwa pembeni ya njia, injini imezimwa na dereva hayupo, moyo hunienda mbio. Nisipopata mtu wa kumwuliza, nageuka nyuma mara kwa mara mpaka lipotee machoni. Wajukuu zangu hunicheka. Ninyi mnaoajiriwa sasa kwenye vituo vya mizani ya magari hamtanicheka sana, ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Watu wengi hudhani kazi yetu ni neno moja tu, kupima. Lori linapanda, namba zinatokea, lori linateremka. Hata mimi nilidhani hivyo. Aliyenitoa ushamba ni Mzee Simbeye, Mnamwanga wa Msangano, aliyekuwa mkuu wa zamu nilipoanza. Alikuwa mwembamba, mpole, anakunywa chai bila sukari, na alikuwa mwoga wa vitu vingi. Aliogopa matairi yaliyokwisha. Aliogopa madereva wanaocheka sana. Zaidi ya vyote aliogopa Kiingereza kinachosemwa harakaharaka, na si kwamba hakukijua. Ujana wake aliumalizia Kitwe, akifanya kazi kwa Wazambia, na alikijua hasa. Aliyekijua kidogo hakuwa na cha kuogopa.

Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tunduma, kwa hiyo nusu ya madereva wetu walikuwa watu wa ng'ambo ya mpaka. Kibemba chao, ukimtoa Mzee Simbeye, hatukukijua, Kiswahili chetu walikijua robo, tukakutana kwenye Kiingereza, kila mtu na cha kwao. Kila afisa mpya Mzee Simbeye alimkalisha chini na kumfundisha neno la kazi yetu, "weigh."

"Usizitamke hizo g na h," aliniambia. "Zimepanda tu, kama wakubwa waliopewa lifti. Sema 'wei', basi. Sasa sikiliza, binti wa Iyula. Sisi tumetenga mambo. Mimi napima, lori lina uzito. Wenzetu wanatumia kitenzi hichohicho kwa yote mawili. Aliyeshika mizani anafanya 'weigh', na kilicho juu ya mizani nacho kinafanya 'weigh'. Ukichanganya, utamtukana mtu wa watu."

Aliyechanganya alikuwa mwenzetu mmoja, kijana mwenye adabu nyingi. Siku hiyo lilikuja lori linaloendeshwa na mama wa Kizambia, mama mwenye mwili wake, na ekseli ya nyuma ilikuwa imezidi. Mwenzetu akatoka nje, akavua kofia kwa heshima, akamwambia, "Madam, you weigh too much." Alikusudia gari ndilo lina uzito uliozidi. Yule mama akamtazama kuanzia viatuni mpaka utosini. Akashuka, akaweka mkoba wake chini, akavua miwani, akapanda peke yake katikati ya sahani ya mizani na kusimama kama askari wa gwaride.

"Pima tena," akasema. "Mkoba nimeuacha."

Ilibidi Mzee Simbeye atoke amwombe radhi kwa Kibemba, na kiti alichokalia yule mama siku nzima kilikuwa cha mzee mwenyewe. Sisi tulicheka mpaka tukakohoa. Mzee hakucheka. Aliporudi alisema neno hilo lina maana nyingine tena, ya kutafakari, kwamba mtu mzima anapima maneno kabla hayajatoka kinywani, na kwamba laiti kijana yule angeyapima yake tusingekuwa tunamtafutia mama wa watu soda.

Kisha akanifundisha maana ya mwisho, na hiyo aliisema kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu.

"Likifuatiwa na 'on', weka kalamu chini. Mtu akikwambia kitu kina-'weigh on' yeye, hazungumzii gari. Anakwambia kinamlemea. Na dereva hawezi kumwambia mtu wa mizani kinachomlemea kama ana mtu mwingine wa kumwambia."

Siku hizo niliona mzee anatia chumvi. Nilikuwa na haraka ya kujifunza kusoma namba.

Namba zenyewe zilikuwa na tabia zao. Mizani ya zamani ilitaka subira. Gari linapanda, dereva anazima injini, tunasubiri namba zitulie, ndipo tunaandika. Mzigo uliokufa hulala. Simenti hulala, mbolea hulala, marobota ya mitumba hulala. Lakini pandisha lori la ng'ombe uone, namba hazitulii hata ufanyeje. Ng'ombe mmoja anahamisha mguu, mwingine anageuza shingo, namba zinapanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Upepo nao huzichezesha, na upepo wa Tunduma mnaujua. Kwa hiyo Mzee Simbeye alitufundisha kutazama nje kabla ya kuilaumu mizani. Kama majani yamesimama na injini imezimwa na namba bado zinacheza, alisema, basi jiulize ni nini kilicho hai.

Siku ninayotaka kuwasimulia, mzee alikwisha kustaafu na mkuu wa zamu nilikuwa mimi. Niliyekaa naye kwenye kompyuta alikuwa Kibona, kijana wa Ileje, mwepesi, mwerevu, anayefanya kazi akiwa anapiga mluzi. Ilikuwa mchana, jua kali. Foleni ilikuwa ndefu na madereva wameanza kupiga honi.

Likapanda lori lenye bodi la bati lililofungwa, limetoka Dar es Salaam, linakwenda Zambia na marobota ya mitumba. Dereva akazima injini, akashuka kuja dirishani kuchukua tiketi yake ya mizani. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, Chanda. Mtu wa makamo, shati limeloa jasho mpaka kiunoni.

"Liko sawa, mama," Kibona aliniambia. "Linacheza kidogo tu. Upepo."

Uzito ulikuwa chini ya kiwango, ekseli zote zinaonyesha kijani kwenye kompyuta. Kibona akachapa tiketi, akampa. Dereva akaipokea, lakini hakuondoka. Kibona akamwambia aende, wenzake wanasubiri.

"It weighs on me," dereva akasema.

"Hapana, hapana," Kibona akamjibu kwa Kiingereza chake, "uzito wako uko sawa. Nenda."

Yule mtu akarudia maneno yaleyale, polepole. Safari hii hakuwa anamtazama Kibona. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikageukia kompyuta. Namba zilikuwa zinapanda na kushuka. Nikatazama nje. Utepe wa plastiki tuliofunga kwenye nguzo ulikuwa umening'inia, hautikisiki. Majani yamesimama. Dereva yuko dirishani, injini imezimwa, na juu ya mizani yangu kuna marobota ya nguo yanayohamisha miguu.

Nikainua macho barabarani.

Ng'ambo ya barabara lilikuwa limesimama gari dogo jeupe. Ndani mwanamume mmoja, nje mwingine anaongea na simu huku macho yakiwa kwetu. Sikuinua kidole. Nilimwuliza dereva kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za safari, "Wale ni wenzako?"

Hakugeuka kuwatazama. Alisema tu, "Bamayo, nina watoto."

Bamayo ni mama, kwa heshima, kwa Kibemba chao. Sikuhitaji neno jingine.

Wanangu, mtu akikueleza kwamba wakati wa hatari akili inakuwa nyeupe, mkatalie. Yangu ilijaa. Lile bodi lilikuwa na lakiri ya forodha, na mzigo wa kupita nchini haufunguliwi kwa sababu mama mmoja wa Iyula ameona namba zinacheza. Nikikosea, kazi sina. Nikiwa sahihi na nikapiga kelele, wale wa gari jeupe wanaweza kumfanya chochote huyu baba, au yeye mwenyewe kwa hofu akarukia usukani akaondoka, na mpaka haukuwa mbali. Na kila nilipokuwa nafikiri, ndani ya bati lile kulikuwa na watu wanavuta hewa iliyokwisha kuvutwa.

Nikapaza sauti ili isikike mpaka ng'ambo. "Ekseli ya nyuma imezidi! Ingiza gari yadi, mzigo upangwe upya!"

Kibona akageuka. "Mama, mbona imeandika..."

"Kibona. Pima maneno."

Akanitazama. Akatazama kompyuta, kisha nje kwenye ule utepe. Nilimwona usoni pale jambo lilipomwingia. Kwa kweli sikumweleza chochote, aliliona mwenyewe. Akanyoosha mkono dirishani, akamnyang'anya dereva tiketi, akaichana mbele yake na kumfokea kwa nguvu kwamba anatuchelewesha, aende yadi sasa hivi. Alipomaliza kufoka akaniuliza kwa kunong'ona, "Nianze kupiga wapi, polisi au hospitali?"

"Kote."

Dereva akapanda. Injini ikawaka. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, kwa sababu mbele yake kulikuwa na njia mbili, ya yadi upande wa kushoto na ya Zambia imenyooka, na mimi sikuwa na kizuizi isipokuwa mwili wangu. Nikaenda kusimama kwenye ile iliyonyooka. Lori likaja taratibu, likaja, nikaona uso wake juu ya usukani. Akakata kushoto. Mlinzi akafunga geti nyuma yake.

Hazikupita dakika nyingi yule mtu wa simu akavuka barabara. Alikuwa nadhifu, ana heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Gari letu lina tatizo gani?"

"Ekseli tu. Mzigo umelalia nyuma. Tunaupanga upya, mnaondoka."

"Mama, si tunaweza kuzungumza?"

"Tuzungumze," nikamwambia, na nikazungumza kweli. Nilimfundisha yule mtu habari zote za ekseli. Nilimweleza kwa nini lami inapasuka, kwa nini ya mbele hubeba kidogo kuliko ya nyuma, tairi moja linabeba nini na pacha zinabeba nini. Nilimchorea kwa kijiti ardhini. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile, na maskini wa Mungu, mwanzoni alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nasikiliza ving'ora na sivisikii.

Nilichosikia kilitoka yadi. Ngumi juu ya bati. Moja, dhaifu, kisha nyingine.

Na yeye alisikia. Tulitazamana, mimi bado nina kijiti mkononi. Aligeuka akavuka barabara bila kukimbia, akaingia kwenye gari, likaondoka. Mmoja wao alikamatwa baadaye. Wa pili sijui mpaka leo.

Polisi walikuwa njiani, lakini zile ngumi hazikuwa na muda wa kusubiri mtu aliye njiani. Kibona alikuwa ameazima mkasi wa chuma kwa fundi wa jirani. Akasimama nyuma ya lori, akanigeukia.

"Mama, ni lakiri ya forodha."

"Kata."

Milango ilipofunguka tuliona ukuta wa marobota, umepangwa mpaka juu. Ungeapa hakuna kitu kingine. Chanda ndiye aliyepanda akaanza kuyavuta kwa mikono, anayatupa chini, machozi yanamtoka. Nyuma ya ukuta ule joto lilitupiga usoni kama tumefunua chungu. Walikuwa vijana tu, wamekaa magoti yamegusa videvu, wengi, wamebanana kiasi kwamba wa kwanza alipotolewa wa pili aliangukia nafasi yake. Lugha yao sikuijua. Walijifunika macho kwa mikono.

Wa mwisho hakusimama. Kibona alimbeba mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, akamlaza kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi. Tulimlowanisha maji, nikavua kitambaa changu cha kichwani nikamkandia kifuani. Chanda alipiga magoti pembeni, anampepea kwa kofia yake. Alimpepea mpaka polisi walipokuja kumshika mkono, na hata hapo alimpa Kibona kofia ili aendelee.

Nilitoa ushahidi mahakamani Vwawa. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikula. Swali la kwanza lilikuwa kama nilitangaza ekseli imezidi wakati haikuzidi. Nikasema ndiyo. Nikaulizwa kama maafisa wa mizani wanaruhusiwa kusema uongo kuhusu uzito. Nikasema hapana. Nilijiona nikiondoka pale na pingu, mikono ikiwa nyuma.

Kisha yakaja maneno ya Chanda. Kwenye maelezo yaliyotafsiriwa yalikuwa yameandikwa kwamba dereva alisema "gari limezidi uzito." Ikaonekana basi mtu huyu mpaka dakika ya mwisho alikuwa anapiga porojo za mzigo, anataka msaada wa kupita. Nikaulizwa nilisikia nini. Nikayasema kama yalivyosemwa, na nikaeleza jinsi nilivyoyaelewa, kwamba aliyezidiwa alikuwa yeye, si gari.

"Kwa hiyo alitaka kuwaokoa watu wale?" nikaulizwa.

Chanda alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Nilitaka kusema ndiyo, Mungu ananiona. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini ndani ya kichwa chake mimi sikuwahi kuingia, na aliendesha lori lile kutoka mbali, akapita miji mingi.

"Sijui alitaka nini," nikasema. "Ninachojua, alikuwa ameshapewa tiketi ya kuondoka, na hakuondoka."

Alifungwa. Hakimu alisema amezingatia hilo la kutoondoka, na kifungo hakikuwa kirefu kama tulichokiogopa. Mimi nilipewa karipio la mdomo kwa ile ekseli, na mkuu aliyenikaripia alinishika mkono wakati natoka.

Sasa nasikia mizani za kisasa zimefukiwa barabarani, gari linapimwa likiwa linatembea, na lisilo na kosa halisimami kabisa. Ni jambo jema, foleni zetu zilikuwa aibu. Lakini naogopa. Namba inayochukuliwa mbio haina muda wa kucheza, na dereva asiyesimama hana dirisha la kusemea. Kibona, ambaye siku hizi ana zamu yake, huniambia, "Mama, ndiyo maana mimi natoka nje." Hutembea kuzunguka magari yaliyoitwa pembeni, anasalimia madereva mmoja mmoja, anaweka kiganja kwenye bati. Fanyeni hivyo. Mkisalimia, subirini jibu. Mtu anayelemewa hasemi mara ya kwanza, na akisema, atasema vibaya, kwa lugha isiyo yake.

Baada ya miaka nilikwenda Tunduma kununua dawa ya kahawa. Pale karibu na mpaka, katikati ya wasukuma mikokoteni, nikasikia mtu ananiita, "Bamayo." Sikumtambua mpaka alipovua kofia. Alikuwa amekonda. Nilimwuliza anaendesha gari gani siku hizi, akasema haendeshi, analima mahindi na mke wake, alikuwa amevuka tu kutafuta vipuri vya baiskeli.

Tukasimama. Hakuwa amekuja kuzungumza habari za mahindi.

"Yule wa kwenye kivuli," akasema.

Nilimweleza ninachokijua. Kwamba alikuwa anapumua walipompakia kwenye gari la wagonjwa. Kwamba kesho yake nilikwenda hospitali nikaambiwa amehamishiwa Mbeya, nikapanda basi nikamfuata Mbeya. Pale dirishani muuguzi aliniuliza jina la mgonjwa, nikasema silijui. Akaniuliza mimi ni nani wake.

"Ukasema nani?" Chanda akauliza.

"Sikuwa na la kusema. Nikarudi nyumbani."

Alisubiri, labda nitakumbuka kingine. Nilitafuta kweli, nikakosa. Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao, wanatuomba njia, nasi hatukusogea.